Kondakta Glafira na Neno "We"

Kabla vita havijamrudishia mwanawe, Glafira Yegorovna alikuwa na sauti iliyojulikana na kila askari aliyepanda tramu ya mtaa wa Vyborg mjini Petrograd. "We askari! Kibarazani!" Na askari alirudi nyuma, akasimama kwenye kibaraza cha nje, theluji ikimchapa usoni, huku ndani viti vitupu vikikaa bila mtu. Ndiyo ilikuwa sheria. Askari wa cheo cha chini haingii ndani ya tramu, hakai kitini, hapiti katika bustani ambazo langoni pameandikwa kwamba mbwa na askari hawaruhusiwi. Kufa kwa ajili ya Mfalme, ruhusa. Kukaa karibu na bibi aliyevaa manyoya, marufuku.

Glafira hakuitunga yeye sheria hiyo, lakini aliitekeleza kwa raha, na hakuna haja ya kumfichia. Alikuwa mjane. Miaka na miaka alifua nguo za watu katika maji ya barafu mpaka vidole vikapinda. Wanaume walipozolewa kwenda vitani, tramu zikakosa watu, wakachukuliwa wanawake. Akapewa koti jeusi lenye vifungo vya shaba, filimbi, na mkoba wa ngozi wa tiketi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa na mtu wa kumwambia "we".

Neno hilo lina uzito wake. Warusi wakimheshimu mtu humwambia "nyinyi", hata akiwa peke yake chumbani. "We" ni ya mtoto, ya rafiki, ya mpenzi, ya Mungu katika sala, na ya mbwa. "We" ya mama ni tamu. "We" ya bwana mkubwa kwa mwanamume mwenye ndevu zake ni mate usoni. Afisa alimwita askari "we". Msimamizi wa kiwanda alimwita mfanyakazi "we". Viwandani watu waliwahi kugoma, na pamoja na kudai mshahara na saa za kazi wakadai pia waitwe "nyinyi". Mabwana walicheka mpaka wakashika mbavu. Walidhani wanadaiwa neno tu.

Mwanawe, Yevsey, alirudi majira ya vuli akiwa na tundu la risasi kwenye pafu. Hakurudi moja kwa moja. Jeshi halimwachi mtu kwa sababu ndogo kama kutoboka kifua. Alipangwa katika kikosi cha akiba humo humo mjini mpaka apone arudishwe mbele, na kila wiki alivuka mto kwenda hospitali kubadilishiwa bendeji. Jumapili aliruhusiwa kwenda kwa mama. Mara ya kwanza alipoingia chumbani kwake, kabla hata hajavua koti, aliangalia kona ya sanamu takatifu. Kando ya Mama wa Mungu ilining'inia picha ya Mfalme.

"Bado umemtundika huyu?"

"Ilikuwa ya baba yako."

"Ndiyo maana nauliza."

Baba yake, Savva, mfua vyuma, ndiye aliyeibeba picha ile kifuani Januari ile ya mwaka 1905, watu walipoandamana na sanamu takatifu na nyimbo za kanisani kwenda ikulu kumwambia Mfalme shida zao. Walivua kofia katika baridi ile, kwa adabu, maana waliamini wanakwenda kwa baba yao. Wakapigwa risasi. Savva aliletwa nyumbani juu ya mkokoteni, kichwa wazi. Glafira alilia, akafuta picha ile, akaitundika. Watu wote uani waliona ajabu, yeye akawajibu neno lile lile ambalo nchi nzima ilikuwa ikijidanganya nalo tangu zama za mababu: Baba hajui. Baba ni mwema, mawaziri ndio wabaya. Baba anafichwa. Siku atakayojua, mtaona.

"Baba hajui, Yevsey," alisema tena Jumapili hiyo, akimmiminia supu ya kabichi.

Yevsey akaweka kijiko chini. "Mama, yeye mwenyewe yuko huko huko vitani. Amejifanya amirijeshi mkuu. Mwaka jana tulipelekwa mstari wa mbele watatu kwa bunduki moja. Wawili tunangoja wa kwanza afe tuokote. Viatu vinaachia nyayo kama vya karatasi. Sasa aambiwe nini tena ndiyo ajue?"

"Kula supu."

"Naila. Haina kitu humu, mama. Ni maji yaliyoonyeshwa kabichi."

Ni kweli haikuwa na kitu. Msimu huo wa baridi mkate ulikuwa ukitafutwa kama mali iliyoibwa. Wanawake walipanga foleni alfajiri nje ya duka la mwokaji, na foleni ile waliita mkia, maana ilizunguka kona na haikuwa na kichwa. Unga ulikuwepo nchini, kila mtu alijua. Ulikuwa umelala ndani ya mabehewa huko mbali, reli zimefukiwa na theluji na injini zimechoka kwa kubeba askari kwenda na majeneza kurudi. Mbele ya Glafira mkiani alisimama kila mara jirani yake Fevronia, mwanamke wa kiwanda cha nyuzi, mwembamba na mwenye ulimi mkali.

"Umesikia? Waziri mwingine ametimuliwa," Fevronia alisema asubuhi moja. "Wanabadilisha mawaziri kuliko mimi ninavyobadilisha shati."

"Wewe una shati moja."

"Hata hilo lina akili kuliko wao. Na yule mtu wao wa Mungu, yule mwombezi wa Malkia, kauawa, katupwa chini ya barafu mtoni. Malkia analia, wanasema, kuliko alivyolia kwa ajili ya jeshi zima. Mjerumani yule, wa damu moja na tunaopigana nao."

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Wasikie! Wakinifunga si watanipa mkate?"

Mkia wote ukacheka. Kisha mwokaji akafungua kidirisha, akasema mkate umekwisha, akafunga. Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja alianza kupiga dirisha kwa ngumi, taratibu, mpaka mlinzi wa polisi akamtoa.

Mwisho wa Januari baridi ikawa ya kuua. Siku moja mchana Glafira alimwona Yevsey akipanda tramu yake mwenyewe, akitoka hospitali, uso umekuwa wa kijivu. Akasimama kibarazani kama ilivyompasa. Ndani walikuwemo vikongwe wawili na karani mmoja anayesinzia. Glafira aliangalia mbele, akaangalia nyuma, akamshika mwanawe mkono, akamwingiza na kumkalisha kiti cha kona. Dereva wao, mzee Lavrenti Fomich, aligeuza shingo akaona, akarudi kutazama reli zake. "Mimi sina macho kisogoni, Yegorovna," alisema. Yevsey akaegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na usingizini alionekana bado wa kunyonya.

Kituo kilichofuata akapanda kapteni. Kapteni wa ofisini, buti zinang'aa, hajawahi kukanyaga tope la handaki, amemshika bibi mmoja kiwiko. Viti vitupu vilikuwa tele vya kuchagua. Lakini alikiona kile kimoja.

"We! Simama."

Yevsey alisimama, lakini polepole, maana pafu lilikuwa limeshonwa. Kapteni akamzaba kofi. Kofia ikaanguka. Vikongwe wakainamisha macho wakaangalia vikapu vyao.

"Mtukufu, msikasirike," Glafira alisema akijipenyeza katikati. "Ametoka hospitali. Pafu lake limetobolewa. Ni mwanangu."

"Mwanao?" Kapteni akamtazama kuanzia vifungo vya shaba mpaka chini. "We mwanamke unajua sheria ya tramu yako?"

"Naijua, Mtukufu."

"Basi mtoe wewe. Nataka nikuone ukimtoa."

Alisema hivyo mbele ya bibi yule, kama anayemwonyesha mchezo. Glafira alisimama hapo, mdomo wazi, mkono kwenye mkoba. Akimkatalia, kazi imekwisha na mwana anapelekwa gereza la kijeshi kwa kutotii. Yevsey ndiye aliyemwokoa. Aliinama akaokota kofia, akapiga saluti, akajitoa mwenyewe kibarazani. Njia yote mpaka ng'ambo ya mto alisimama huko nje, amelishika bomba la chuma lililoganda, na kila alipokohoa bega lake lilionekana kupitia kioo. Ndani, kapteni alilipa nauli ya watu wawili na kumwambia Glafira abaki na chenji. Glafira alishukuru. Mdomo ulimshukuru wenyewe, kwa mazoea, na mdomo ule hakuusamehe mpaka anazikwa.

Homa ilimshika Yevsey siku ile ile. Katika wodi ya kambi alilazwa sakafuni, kwa kuwa vitanda vilijaa. Glafira aliomba ruhusa, akakaa karibu naye, akimlowesha midomo.

"Ni ile baridi," alisema. "Ningemng'ang'ania yule shetani. Ningemng'ata."

"Si baridi, mama." Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi. "Baridi tumeizoea. Ni ile 'we'. Miaka miwili na nusu nimevaa koti hili, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniita nyinyi. Ng'ombe wa bwana ana jina. Mimi nina we."

"Mimi nitakuita nyinyi, mwanangu. Tazama. Nyinyi, Yevsey Savvich, kunyweni maji."

Akacheka kidogo, ikamuuma. "Si mimi. Mimi niite wewe, we ni mama yangu. Wale wengine." Akapumzika. "Wiki ile kabla ya Krismasi nilipanda behewa lako, hukuniona. Kulikuwa na mzee mwenye msalaba wa ushujaa kifuani. Rika la baba. Ulimfokea: we, kibarazani. Nikaona aibu, mama. Nikashuka."

Glafira akamlowesha midomo tena. Yevsey alikuwa amelala. Hakuamka.

Baada ya maziko Fevronia alikuja na chai kidogo iliyofungwa kwenye kitambaa, akaketi karibu na jiko lililopoa. Kuni nazo zilikuwa hazipatikani, kama mkate. Glafira alikuwa amesimama mbele ya kona ya sanamu, amemkazia macho Mfalme.

"Anajua," alisema.

"Nani?"

"Huyu. Alijua tangu Savva. Wanaambiwa wote, wanajua wote, kutoka juu mpaka kwa yule kapteni wa manukato. Si kwamba hawajui. Hawajali! Mume wangu alimvulia kofia, wakampiga kichwani. Mwanangu alimpigia saluti, wakamtoa nje afe. Na mimi miaka kumi na miwili nampangusa vumbi, mjinga mimi, nampangusa vumbi!"

Akaing'oa picha, akaivunja fremu kwa goti, akaitia ndani ya jiko, akaiwasha kwa kiberiti. Iliwaka upesi na haikutosha hata kuchemsha birika. Fevronia alikunywa chai yake vuguvugu bila kutoa mzaha, na kwa Fevronia hilo lilikuwa jambo kubwa.

Februari ilipokaribia kwisha, wanawake wa viwanda vya nyuzi waliweka chini kazi. Ilikuwa siku yao, siku ya wanawake kwa kalenda ya Warusi ya wakati ule, na walikuwa wamechoka kupanga mkia. Hakuna mkubwa yeyote aliyewaamuru. Hata wale wanaume wa vyama vya siri waliwasihi wangoje kidogo, wakati bado. Wao wakatoka na shali zao kichwani, wakayarushia madirisha ya viwanda vya vyuma madonge ya theluji mpaka waume nao wakatoka. Walipofika kwenye reli waliisimamisha tramu ya mzee Lavrenti. Mbele kabisa alikuwa Fevronia.

"Tupe mpini wa kuendeshea, babu! Tramu leo haiendi."

"Binti, mimi ni mtu wa serikali," alisema Lavrenti, akiukumbatia mpini. "Nikiutoa nitafungwa."

"Usiutoe, basi," alisema Glafira nyuma yake. "Nitautoa mimi." Akauchomoa kutoka mkononi mwa mzee, ule mpini wa shaba ambao bila huo tramu ni sanduku tu, akautumbukiza ndani ya mkoba wa tiketi, akateremka. Abiria waliguna. Afisa mmoja aliyekuwa ndani akapiga kelele, "We mwanamke, unakwenda wapi?" Glafira hakugeuka. Alikuwa amemaliza kuitikia jina hilo.

Siku mbili zilizofuata umati uliongezeka. Waliimba wakidai mkate, kisha wakaimba vita vikome, kisha wakaanza kuimba chini Mfalme, na waliposikia sauti zao wenyewe zikilitamka hilo walitazamana kwa hofu na furaha. Jumamosi wakafika barabara kuu ya jiji, na huko wakakuta mstari wa askari umeziba njia kutoka ukuta mpaka ukuta, bunduki zimeelekezwa vifuani. Umati ukasimama. Walio nyuma walisukuma, walio mbele walirudi kinyumenyume, na Glafira, kwa kuwa hakurudi, akajikuta peke yake mbele na koti lake la kondakta.

Aliyekuwa amemwelekezea bunduki alikuwa kijana mwenye masikio mekundu kwa baridi, kofia kubwa kuliko kichwa. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Glafira alikuwa amejiandaa kumtukana. Siku zote hizo alikuwa na matusi ya kumtosha kila mwenye koti la kijeshi. Lakini yaliyomtoka yalikuwa mengine, na yalimtoka na kwikwi.

"Nyinyi, bwana askari," alisema. "Mama yenu yu hai?"

Kijana akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeambiwa.

Hakukuwa na mtu nyuma yake. Akamrudia Glafira kwa macho, amechanganyikiwa. "Unamwambia nani, mama?"

"Nawaambia nyinyi."

"Lakini mimi ni mmoja."

"Najua ni mmoja. Na wangu alikuwa mmoja. Ndiyo nawauliza nyinyi, mama yenu yu hai?"

Askari wa kushoto na wa kulia walikuwa wamesikia, nao wakageuza nyuso. Pengine hakuna hata mmoja katika mstari ule aliyewahi kuambiwa hivyo na mtu aliyevaa vifungo vya shaba.

"Yu hai," alisema. "Yuko Tambov. Ana... ana ng'ombe mmoja."

"We!" Afisa alikuwa akija mbio nyuma ya mstari na upanga nje. "We, ng'ombe we, nani kakuruhusu kuongea? Lenga! We, nakuambia wewe!"

Glafira aliyaona masikio yale mekundu yakizidi wekundu. Kijana hakulenga. Aliishusha bunduki, kitako chini, kama mtu anayetua mzigo, akaiegemea. Wa kushoto akashusha. Afisa alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akampiga mmoja kwa ubapa wa upanga, na hakuna aliyenyanyua. Umati ukapita katikati yao pole pole, wakisema samahani, wakiwapisha kwa mabega, na kuna bibi aliyemtilia yule kijana mbegu za alizeti mfukoni.

Laiti ingekuwa hivyo kila kona. Kesho yake, Jumapili, uwanja mwingine, mstari mwingine, amri ile ile, na hawa wakapiga risasi. Walipiga watu waliokuwa na mikono mitupu. Fevronia alirudishwa nyumbani akiwa na risasi begani, akitukana njia nzima, na wengi hawakurudishwa kabisa. Damu iliganda juu ya theluji na watoto waliizunguka kwenda kanisani. Lakini askari walirudi kambini na kile walichokifanya, wakakaa nacho, na Jumatatu asubuhi maafisa walipokuja kuwapanga na kuanza tena "we, we, we", bunduki ziligeuka upande wa pili. Kambi moja ikatoka, ikaenda kuiita ya pili, ya pili ikaiita ya tatu. Kabla wiki haijaisha Mfalme hakuwa mfalme. Miaka mia tatu ya ukoo wake ilikwisha ndani ya behewa la treni, maana hata kurudi mjini alishindwa. Wafanyakazi wa reli hawakumpitisha.

Na miongoni mwa amri za mwanzo zilizotolewa na askari wenyewe na wafanyakazi, ilikuwemo hii: kuanzia leo, marufuku kumwita askari "we".

Tramu zilipoanza tena, Glafira alimrudishia Lavrenti mpini wake, naye akaupangusa kwa mkono wa koti. Behewa lilijaa askari ndani. Walikaa kwenye viti vyote, miguu imenyooshwa, wengine hawakuwa na wanapokwenda, walipanda ili wakae tu. Glafira alipita katikati yao. Kwenye kiti cha kona alikuwa amekaa mwanamume mwenye ndevu nyeupe, analala, kichwa kwenye kioo. Glafira alimpita kwa kunyata.

Katika kituo karibu na daraja alipanda afisa mmoja. Hakuwa yule kapteni. Glafira alimtazama sana ahakikishe, hakuwa yeye. Huyu alikuwa mtu mzima, mchovu, ameng'oa mwenyewe alama za cheo mabegani, nyuzi bado zinaning'inia. Alichungulia ndani, akaona nyuso, akaamua kubaki kibarazani. Upepo wa mto ulikuwa ukipita hapo. Glafira akaenda mpaka mlangoni na mkoba wake, na neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa limekaa mdomoni tangu Januari.

"We," alisema. "Nauli."

Afisa akalipa. Akarudi kulishika bomba la chuma.

Mzee wa kona alikuwa ameamka. Kifuani, chini ya koti lililofunguka, ulionekana msalaba wa ushujaa. Kama ndiye yule wa Krismasi au mwingine, Glafira hakuweza kujua. Siku zile hakuwa akizitazama nyuso zao.

"Umemwita we, mama," alisema mzee taratibu.

"Nimemwita."

"Imekwisha hiyo. Si kwetu tu. Sasa hakuna wa kuitwa we, hata wao."

Glafira alifunga mkoba. Nje, kupitia kioo, bega la afisa lilikuwa limeinama pale pale, kwenye bomba lile lile la chuma. Alilitazama muda.

"Nyinyi mna haki, baba," alisema. "Nitaanza kesho."

Akapuliza filimbi, tramu ikaondoka.